Kitufe Kikae Wapi: Hotuba kwa Watengenezaji wa Programu za Simu wa Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi, na ninyi vijana mliovuka na kivuko cha Kamanga alfajiri ili kuwahi kikao hiki, mwangaluka.

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo kwa jina ni dogo, yaani namna ya kupanga vitufe, visanduku vya kujazia, maandishi na picha kwenye kioo cha simu. Wengi wetu, mimi nikiwa wa kwanza, tulijifunza kazi hii kwa kunakili programu za wengine na kusogeza vitu huku na huko hadi macho yaridhike. Leo nataka kuonyesha kwamba macho ya mtengenezaji, tena juu ya simu yake mwenyewe, ni shahidi asiyetosha, na kwamba swali la kitufe kikae wapi lina majibu yanayoweza kupimwa kwa rula, kwa hesabu na kwa kidole cha mtu mwingine.

Nianze na kosa langu. Programu ya kwanza niliyolipwa kuitengeneza ilikuwa daftari la simu kwa wanunuzi wa dagaa na kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Kazi yake ilikuwa nyepesi: mnunuzi anaandika jina la aliyeleta mzigo, idadi ya magunia, bei, kiasi alicholipa na kiasi anachodaiwa. Chini ya ukurasa niliweka vitufe vitatu katika mstari mmoja: Futa, Hariri, Hifadhi. Kila kitufe nilikipa upana wa vizio 112, kipimo nitakachokieleza punde, nikaacha vizio 8 kati ya kitufe na kitufe, na vizio 4 kwenye kila ukingo. Jumla ni 360, na simu yangu ilikuwa na upana wa vizio 360 kamili. Nilijisifu sana kwa hesabu hiyo. Siku ya kukabidhi kazi, mama mmoja mwenye kizimba chake karibu na maji alitoa simu ndogo iliyopasuka kona, akaifungua programu, na kitufe cha Hifadhi kikajitokeza kimekatwa ubavu, neno lake likiishia ukingoni. Simu yake ilikuwa na upana wa vizio 320. Baada ya vitufe viwili vya kwanza na nafasi zake, kitufe cha tatu kilibakiwa na vizio 76 kati ya 112 nilivyokipangia, na vilivyosalia vilikuwa nje ya kioo, mahali ambapo hakuna kidole kinachofika.

Vizio ninavyovitaja ni vile ambavyo Android huvitumia ili kutofungwa na msongamano wa pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha kwenye kioo: kizio kimoja ni sawa na pikseli moja kwenye kioo chenye pikseli 160 kwa inchi. Simu yenye upana wa pikseli 720 na msongamano wa 320 ina upana wa vizio 360. Simu ya bei ya juu yenye pikseli 1,080 na msongamano wa 480 nayo ina vizio 360 vilevile. Ile ya mama yule ilikuwa na pikseli 480 kwa msongamano wa 240, yaani vizio 320. Anayepanga kwa pikseli hukosea mara mbili, kwa sababu hajui msongamano wala hajui upana. Anayepanga kwa vizio lakini akaandika upana mmoja tu, kama nilivyofanya, hukosea mara moja, na mara moja hiyo inatosha kumkosesha mtu hifadhi ya hesabu zake.

Sikuwa wa kwanza kuangukia hapo. iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilikuwa na kioo cha pikseli 320 kwa 480, na simu ya kwanza ya Android iliyouzwa mwaka 2008 ilikuwa na idadi hiyohiyo. Vioo vilipokuwa vya ukubwa mmoja, ilikuwa rahisi kusema kitufe hiki kikae pikseli 20 kutoka kushoto na 400 kutoka juu, basi. Android yenyewe ilikuja na chombo cha kupanga kwa namna hiyo, lakini ilipofika toleo la 1.5, mwaka 2009, wenye Android walikuwa wamekwisha kuwaonya watu wasikitumie tena, maana simu za kila upana zilikuwa njiani. Kwa Apple uvumilivu ulikuwa mrefu kidogo: urefu wa kioo ulibadilika mwaka 2012, na upana wa vizio 320 haukuachwa katika simu mpya kubwa hadi mwaka 2014.

Tazameni mitumbwi inavyofungwa pale Mwaloni. Hakuna mvuvi anayeupigilia mtumbwi wake msumari majini. Wa kwanza hufungwa kwa kamba kwenye gogo au jiwe la ufukweni, wa pili hufungwa kwa wa kwanza, na wa tatu kwa wa pili. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda kupita kiwango kilichozoeleka na maji kuingia katika majengo ya ufukweni, kilichokuwa kimejengwa mahali pamoja kilipata taabu, ilhali mitumbwi ilipanda na maji, kila mmoja ukiwa bado jirani ya mwenzake kama jana yake. Kioo cha simu ni maji ya namna hiyo. Hupanuka mtu anapoilaza simu, hufupika kibodi inapopanda, hubanwa mtu anapofungua programu mbili kwa pamoja, na hubadilika kabisa programu inapofunguliwa kwenye kishikwambi cha shule. Ukiiambia simu kwamba kitufe cha Hifadhi kimefungwa kwenye ukingo wa chini, na kisanduku cha bei kimefungwa chini ya kisanduku cha magunia, maelezo hayo yanabaki kuwa kweli kwenye kioo chochote. Ukiiambia kwamba kitufe kiko kwenye namba 400, umesema kweli kwa simu moja.

Wazo hili ni la zamani kuliko simu za mkononi. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu MIT nchini Marekani, aliwasilisha programu ya kuchorea iitwayo Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuiamuru kwamba mistari miwili iwe sambamba, nayo ikahakikisha inabaki hivyo hata mchoro uliposogezwa. Katika miaka ya 1990 watafiti, wakiwemo Alan Borning na Greg Badros wa Chuo Kikuu cha Washington, walibuni kanuni ya ukokotoaji waliyoiita Cassowary, jina la ndege mkubwa asiyeruka. Kanuni hiyo hutatua kwa haraka masharti mengi ya aina ya “hiki kiwe kulia kwa kile” na “vile viwili viwe na upana sawa”, na masharti yanapogongana huangalia lipi limepewa nguvu zaidi. Apple waliitumia katika Auto Layout, zana yao ya kupanga kioo kwa masharti, iliyofika kwenye iPhone mwaka 2012, na Google wakatangaza ya kwao, ConstraintLayout, mwaka 2016. Kwa hiyo kijana anayelalamika kwamba kupanga kioo kwa masharti ni mtindo mpya wa kumchosha, ajue analalamikia kitu kilichomzidi umri.

Zana za sasa za kuundia programu, yaani Flutter, Jetpack Compose na SwiftUI, zimetupunguzia kuandika sharti mojamoja. Badala yake tunaweka vipengele katika vyombo vya aina tatu za msingi: kinachopanga kwa mlalo, kinachopanga kwa wima, na kinachotandaza kipengele kimoja juu ya kingine. Ndani ya vyombo hivyo kuna mazungumzo ambayo ni lazima myaelewe. Katika Flutter mzazi, yaani chombo, humwambia mtoto, yaani kipengele kilichomo ndani yake, mipaka yake, kwamba asipungue kiasi hiki wala asizidi kiasi kile; mtoto huchagua ukubwa wake ndani ya mipaka hiyo na kumjulisha mzazi; kisha mzazi ndiye anayeamua mtoto asimame wapi. Mtoto mwenyewe hajui yuko upande gani wa kioo. Nimewaona wanafunzi wakikesha wakijiuliza kwa nini kitufe kimekataa upana wa 200 walioutaja waziwazi, na kila mara jibu lilikuwa kwamba walimwagiza mtoto jambo ambalo mzazi alikuwa amekwisha kulikataza.

Vitufe vyangu vitatu nilivitibu kwa kuvinyima upana maalumu na kuvigawia nafasi iliyopo kwa sehemu sawa. Kwenye kioo cha vizio 320, ukiondoa 24 vya kingo na nafasi za katikati, kila kitufe hupata 98 na kitu. Kwenye kioo cha 360 hurudi kuwa 112. Ukitumia dawa hii katika mtindo wa zamani wa Android, angalia tu usiweke chombo cha mgawo ndani ya chombo kingine cha mgawo, ndani ya kingine tena, kwa sababu kila ngazi huwapima watoto wake mara mbili, na mara mbili za mara mbili ndizo zinazoifanya simu ya bei nafuu ishtukeshtuke mtu anaposogeza orodha.

Nilidhani nimemaliza. Wiki iliyofuata, kwa kutaka orodha ya juu ipate nafasi zaidi, nikaiondoa Hariri, vikabaki Futa na Hifadhi vimegusana mabega, na kimo chake nikakipunguza hadi vizio 30. Kwenye simu yangu, mezani, nikiwa nimeketi na kikombe cha chai, mambo yalikuwa safi. Siku chache baadaye yule mama alinipigia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole ulioniuma kuliko ukali: “Mwanangu, daftari lako linakula hesabu zangu.” Nilikwenda kumtazama akifanya kazi. Mkono mmoja ulikuwa na noti, mwingine ulikuwa na simu, kidole gumba kikiwa na unyevu na chumvi ya kayabo, na mpagazi alikuwa mbele yake akisubiri jibu. Alilenga Hifadhi. Kidole kiliangukia Futa. Asubuhi nzima ya manunuzi ilikuwa imekwenda.

Hapa tuna elimu iliyopimwa muda mrefu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts wa Marekani alichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu waligonga kwa kalamu ya chuma, huku na huku, vibao viwili ambavyo umbali na upana wake ulikuwa ukibadilishwa. Aligundua kwamba muda wa kulifikia lengo hutegemea uwiano wa umbali na upana wa lengo: lengo likiwa mbali zaidi au jembamba zaidi, mtu huchelewa zaidi au hukosea zaidi, ingawa muda hauongezeki mojakwamoja bali kwa kadiri ya logarithi, yaani polepole kuliko uwiano wenyewe. Mtu anaweza kuuliza kalamu ya chuma ya 1954 inahusu nini na kidole cha Kirumba. Inahusu, kwa sababu viwango tunavyovitumia leo vinakubaliana na mantiki hiyohiyo. Google hushauri eneo la kugusa lisipungue vizio 48 kwa 48; Apple hushauri 44 kwa 44; na mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, yaani wa kuhakikisha hata watu wenye ulemavu wanaweza kuutumia, WCAG 2.2 uliotolewa mwaka 2023, unaweka kima cha chini kabisa cha pikseli 24 kwa 24 za ukurasa wa wavuti, kukiwa na unafuu pale nafasi baina ya malengo inapotosha. Vizio 48 ni inchi 0.3, karibu milimita 7.6. Vizio vyangu 30 havikufika milimita 5, na kidole gumba cha mtu mzima ni kipana kuliko hapo kwa mbali.

Watu huniambia kwamba vitufe vikubwa vinaharibu sura. Pengine ni kweli, lakini wanasahau kwamba eneo la kugusa na mchoro unaoonekana ni vitu viwili. Aikoni, yaani kijipicha cha alama, ya vizio 24 inaweza kukaa katikati ya eneo lisiloonekana la vizio 48, na macho yakaona udogo huku kidole kikipata ukubwa. Kinachokatazwa ni maeneo mawili ya namna hiyo kupandana.

Kuhusu mkono wenyewe, kuna kazi ya Steven Hoober ya mwaka 2013, aliyewatazama watu 1,333 wakitumia simu zao hadharani. Kati ya wale waliokuwa wakigusa kioo, asilimia 49 walishika na kugusa kwa mkono mmoja, asilimia 36 walishika kwa mkono mmoja na kugusa kwa mwingine, na asilimia 15 walitumia mikono miwili. Nawaomba mzichukue namba hizi kwa kiasi: simu za wakati ule zilikuwa ndogo kuliko za leo, na mtu mmoja hubadili mshiko mara nyingi katika dakika moja. Hata hivyo funzo kuu linasimama, kwamba kidole gumba cha mkono ulioshika simu ndicho kalamu ya watu wengi, na kalamu hiyo huchoka kufika kona ya juu iliyo mbali nayo. Nilipohesabu mwenyewe pale Mwaloni, bila utaalamu wa takwimu, niliona mkono wa pili haukuwa na nafasi kabisa, kwa kuwa ulikuwa umeshika ndoo, noti au bega la mteja.

Kwa hiyo niliupanga upya ukurasa ule. Hifadhi ikapewa upana wote wa chini, kimo cha vizio 56. Futa ikaondolewa pale chini, ikawekwa ndani ya kumbukumbu moja moja, mahali ambapo mtu hufika kwa kukusudia. Tena mtu akifuta, mkanda mdogo hutokea juu kidogo ya Hifadhi ukiwa na neno Rejesha, na hukaa kwa sekunde kadhaa. Wapo wanaopendelea kumwuliza mtu kama ana uhakika. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu baada ya siku tatu mtu huizoea, na kidole chake hujibu Ndiyo kabla jicho halijasoma.

Jambo moja la kingo lisitupite. Waliojifunzia kwenye kompyuta walifundishwa kwamba ukingo wa skrini ni mahali pazuri pa kitufe, kwa sababu kishale cha kipanya hugonga pale na kusimama, hivyo hakiwezi kupitiliza. Kidole hakigongi popote. Kinapitiliza na kuangukia kasha la simu. Isitoshe, tangu Android 10 ya mwaka 2019, kwenye simu zinazoongozwa kwa kupangusa, kupangusa kutoka ukingo wa pembeni ni amri ya kurudi nyuma, kwa hiyo anayeweka kitelezi au orodha ya kuvuta pembeni kabisa anagombea kiwanja na mfumo, na mfumo ndio unaoshinda. Na kwa programu zinazolenga Android 15 ya mwaka 2024, ukurasa huchorwa hadi chini ya mkanda wa juu wenye saa na mkanda wa chini wa kuongozea. Asiyeuliza mfumo kingo hizo zina kimo gani ataamka na kukuta kitufe chake cha chini kimefunikwa, ingawa hakugusa mstari hata mmoja wa eneo hilo.

Sasa nizungumzie nafasi tupu, ambayo wateja wetu huiona kuwa ni hasara, kana kwamba wamelipia kiwanja na mimi nikaacha sehemu bila kujenga. Nendeni sokoni mtazame mafungu ya nyanya. Muuzaji hachori mstari kati ya fungu na fungu, wala haandiki kwamba nyanya hii ni ya fungu lile. Nyanya tano zimekaribiana, pengo, nyanya tano nyingine. Mnunuzi anaelewa kwa mbali, akiwa bado anatembea. Mwaka 1923 mwanasaikolojia wa Kijerumani Max Wertheimer aliandika kwa kirefu kuhusu tabia hii ya jicho, kwamba vitu vilivyokaribiana huonekana kuwa jamaa. Kwenye fomu yangu ya kwanza, jina la kila kisanduku lilikuwa vizio 12 juu ya kisanduku chake na vizio 12 chini ya kisanduku kilichotangulia. Lilikuwa katikati kabisa, la wote wawili na la hakuna. Watu waliandika bei mahali pa magunia. Nilipolisogeza jina liwe vizio 4 kutoka kwa kisanduku chake na 24 kutoka kwa jirani, makosa hayo yalikoma bila kuongeza mstari, rangi wala maelezo. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuondoa fremu. Kila mara ninapoona ukurasa wenye visanduku ndani ya visanduku, hujua kwamba mwenye kupanga aliogopa kutumia nafasi.

Nimefika kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yangu, sisi tunaoandikia watu wa Kiswahili tunapaswa kuwa na utaalamu wa kwetu, maana hakuna mwongozo wa ng'ambo utakaotuandikia. Kitenzi chetu hubeba sentensi nzima katika neno moja lisilo na mwanya wa kukatia. Chukueni neno “hazijathibitishwa”. Lina herufi 17. Mahali ambapo lugha nyingine ingepata maneno matatu na kuyavunja katika mistari miwili, sisi tuna neno moja ambalo ama litoshee, ama likatwe. Simu hukata kwa nukta tatu mwishoni. Tazameni basi kinachopotea: katika Kiswahili mwanzo wa kitenzi hubeba ukanushi, nafsi na wakati, na mzizi wenye maana huja baadaye. Programu moja niliyoombwa kuikagua ilikuwa na safu nyembamba ya hali ya malipo, na hali zenyewe zilikuwa tatu: hazijathibitishwa, hazijapokelewa, hazijalipwa. Kwenye simu za vizio 320 zote tatu zilisomeka “hazija…”, yaani mtumiaji alijua kwamba kuna jambo halijatendeka, lakini si jambo gani. Fedha za watu zilikuwa zimesimama kwenye nukta tatu.

Zipo njia za kutoka hapo, na hazifanani ubora. Kupunguza ukubwa wa maandishi ndiyo njia mbaya kuliko zote, hasa kwa wazee wetu ambao wamekwisha kuyakuza kwa makusudi. Android 14 inaruhusu maandishi kukuzwa hadi asilimia 200, na ukurasa usiovumilia jambo hilo umewafungia mlango. Njia bora ni kuacha safu za mlalo na kuviweka vipengele kimoja chini ya kingine, jina la mtu juu, hali ya malipo chini yake, kila kimoja kikiwa na upana wote wa kioo. Wima ndio rafiki wa Kiswahili, kwa kuwa kioo cha simu kina urefu wa kutosha na mtu hachoki kusogeza kwa kidole gumba. Njia nyingine ni ya mwandishi kuliko ya mpangaji: kutafuta nomino fupi, ili safu isomeke “Malipo: bado” badala ya kitenzi kilichonyambuliwa mara mbili. Ninaipenda njia hiyo, na ningependa wapangaji wetu waketi meza moja na watu wanaokijua Kiswahili kabla upana wa safu haujaamuliwa, si baada yake.

Tarakimu nazo zina matakwa yake. Shilingi yetu ina sufuri nyingi, na 1,250,000 huhitaji nafasi ambayo mpangaji aliyezoea sarafu za tarakimu mbili au tatu hakuiweka. Pangeni kiasi cha fedha upande wa kulia, tarakimu za mwisho zikiwa kwenye mstari mmoja wa wima, na mchague fonti ambayo tarakimu zake zina upana sawa, ili jicho litofautishe laki na milioni bila kuhesabu. Kuhusu rangi nitasema moja tu: maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwanga isiyopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya mandhari yake, na kijivu juu ya kijivu tuwaachie wanaofanyia kazi kivulini.

Kibodi ndiyo mgeni anayesahaulika. Inapopanda huchukua sehemu kubwa ya kioo, mara nyingi karibu nusu, na kisanduku kilichokuwa chini hufunikwa. Mtu anaandika bei asiyoiona. Ukurasa wa kujazia ni lazima uweze kusogezwa, ni lazima ujue kwamba kioo kimefupika, na kisanduku kinachoandikwa kisogezwe juu hadi kionekane pamoja na jina lake. Mahali pa fedha pafungue kibodi ya namba, si ya herufi. Haya ni ya msingi, lakini katika programu nilizokagua mwaka huu ndiyo yaliyokosekana zaidi.

Kabla sijaketi, nikumbushe kwamba watumiaji wetu hawakuja kwenye simu janja wakiwa hawana mazoea. Huduma ya M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na kwa watu wengi shule ya kwanza ya kupanga mambo kwenye kioo ilikuwa ni menyu ya nyota na reli, *150*00#, ambayo hata kitochi huimudu. Ujumbe mmoja wa njia hiyo hauzidi herufi 182. Hakuna aikoni, hakuna rangi, hakuna kulia wala kushoto. Kuna swali moja, orodha fupi yenye namba, na jibu. Watu waliijua orodha kwa namba, wakawa wanabonyeza bila kusoma, hata gizani ndani ya daladala. Ndiyo sababu ninapinga tabia ya kuhamisha vitufe kila toleo jipya linapotoka ili programu ionekane changa. Mtu aliyezoea kwamba Pokea Mzigo ipo kona ya chini kulia amejenga njia kichwani mwake na kidoleni mwake. Ukihamisha, unamtoza gharama ambayo haimo katika makubaliano yenu. Kama ni lazima kuongeza huduma mpya, iongezwe mwishoni mwa orodha, au ipewe mahali ambapo hapakuwa na kitu. Na ukurasa wenye jambo moja la kufanya, kisha ukurasa unaofuata, si ushamba. Kwa mtu anayefanya kazi amesimama, mara nyingi ndio mpangilio wa haraka kuliko fomu ndefu yenye kila kitu.

Ndugu Mwenyekiti, muda uliobaki naomba uwe wa vitendo. Mezani nimeweka simu tano. Nne ni za kawaida, za upana tofauti, na ya tano ni ile ya vizio 320 yenye ufa konani, ambayo niliinunua kwa yule mama alipopata mpya. Kila kundi lichukue moja, likuze maandishi hadi mwisho, liweke programu yake, kisha limpe mtu wa kundi jingine asiyewahi kuiona, aitumie kwa mkono mmoja huku ule mwingine umeshika begi. Anayeitazama asiseme neno wala kuelekeza kidole. Aandike tu kila mahali ambapo kidole kimekosea na kila neno lililokatwa. Walioketi upande wa dirisha watangulie nje, uwanjani, kwa sababu jua la saa sita ndilo ninalolitaka.